Namba ya Kipindi Kutoka Katy

Kabla sijarudi Dar kujenga nyumba hii kwa jasho langu mwenyewe, nilikuwa fundi wa elektroniki Dallas, na diploma yangu ukutani. Deki yangu ya video ilikuwa ya kisasa. Ukitaka kurekodi kipindi, huhangaiki kupanga saa wala stesheni; unabonyeza namba fupi iliyochapwa gazetini kando ya jina la kipindi, basi.

Gazeti hatukununua. Kaka wa mke wangu, aliyeishi Katy, nje kidogo ya Houston, alinunua la Jumapili na kutusomea ndugu wote kwa simu.

Ndivyo alivyonisomea namba ya kipindi cha wauguzi wa kigeni. Mke wangu alihojiwa humo, na saa ya kipindi angekuwa zamu wodini. Mama yake kule Moshi hakuwa amemwona tangu tuondoke. Alikuwa akiusubiri mkanda huo.

Tulipoucheza, tukamwona mzungu akipogoa mawaridi. Ulianza kwa wakati, ukaisha kwa wakati. Deki mbovu haikosei kwa adabu namna hiyo.

“Amefanya kusudi,” nikasema.

“Kaka yangu anihujumu mimi?”

“Si wewe. Mimi. Hajawahi kupenda maendeleo yangu.”

Nikampigia, nikamwambia yangu yote, nikakata. Siku ya mapumziko ya mke wangu tukaendesha hadi Katy. Nikadai gazeti nikiwa bado mlangoni.

“Shem, hata salamu?”

“Gazeti kwanza.”

Namba ilikuwa ileile. Lakini gazeti lilikuwa la Houston, nami sikusoma bure, nikaelewa palepale. Ndani ya namba ile mmefichwa siku, saa, urefu wa kipindi na stesheni. Saa ni zilezile miji yote miwili, ila stesheni iliyorusha kipindi cha wauguzi iko chaneli nyingine Dallas. Deki yangu ilitii ilichoambiwa.

“Kwa hiyo kosa la nani, injinia?”

“La gazeti.”

Akacheka, akatoa mkanda kabatini. Yeye alikuwa amekirekodi kipindi.

“Mbona hukuniambia?”

“Ungenisikia saa ngapi? Ulishakata simu.”

Jibu hilo halijaniridhisha mpaka leo.

Mke wangu alisimama, mkoba begani, akajitazama runingani. Kipindi kilipokwisha, nikanyoosha mkono niuchukue mkanda. Akautoa mwenyewe, akautia mkobani.

“Huu nautuma mimi,” akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu. Njia nzima ya kurudi Dallas aliupakata ule mkoba.