Siku Nilipoing'ata Zebaki

Haya, leo naweza kusimulia kwa sababu yamepita, lakini siku ile shuleni kwetu Zombo nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata tangu nianze ualimu, na niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa na mimba changa, na aliyejua ni mume wangu tu (ya kwanza iliharibika tukiwa tumeshawatangazia watu wote, mama mkwe wangu kule Kisanga alishanunua mpaka khanga za mtoto, kwa hiyo safari hii tulikubaliana kunyamaza). Sasa wiki hiyo nilitakiwa kufundisha darasa la sita zile sayari nne za miamba zilizo karibu na jua, na mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani alikuwa anakuja kuniangalia, nikahitaji zana. Udongo wa mtoni ulikuwa unapasuka kila ukikauka. Basi nikiwa sokoni Kilosa kununua udongo wangu wa kula, ule wanaoupenda wajawazito, nikaona mbona huu ni laini na ukikauka unakaza vizuri, nikanunua wa ziada, nikauloweka, nikafinyanga sayari zote nne.

Zilipendeza, sitaki uongo. Mirihi niliipaka vumbi la tofali, maana wekundu wake unatokana na kutu ya chuma, Dunia nikaipaka wino wa bluu, Zuhura nikaizungushia pamba nzito kuonyesha hewa yake inayofungia joto, na Zebaki, ndogo kuliko zote na isiyo na hewa ya maana ya kuisitiri, nikaiacha hivyo hivyo nikaitoboatoboa kwa kalamu.

Siku yenyewe ikanyesha mvua ya rasharasha, na wenzangu mliowahi kubeba mimba mnaijua harufu ya udongo uliopata unyevu. Mapumziko yalinikuta niko darasani na Mwajuma tu, binti mpole wa dawati la mbele, anafuta ubao, amenipa mgongo. Nikasema nailamba tu Zebaki, nikailamba, nikaing'ata, kengele ikalia, nikairudisha mezani upande ulioliwa ukiwa chini.

Somo lilienda vizuri. Watoto walieleza wenyewe kwa nini Zuhura ina joto kuliko Zebaki wakati iko mbali zaidi na jua, na mthibiti ubora, mama wa makamo, akawa anaandika huku anatabasamu. Kisha akainuka akaichukua Zebaki.

"Mashimo haya yametokana na nini?"

"Vimondo!" darasa zima likaitikia.

"Na hili kubwa huku chini?"

Sauti ikatoka nyuma: "Hayo ni meno, mama."

Wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka hata kidogo. "Nani alibaki humu mapumziko?" Macho yote yakamgeukia Mwajuma. Akaitwa mbele.

"Sio mimi, mwalimu."

"Kula zana ya mwalimu, na uongo juu! Kesho uje na mzazi."

Na mimi nimesimama pale pale, punje za udongo bado ziko kwenye meno (nilikuwa nawaza Kisanga, nawaza zile khanga). Niliogopa kweli. Mwalimu mkuu akarudia, kesho uje na mzazi, Mwajuma akaanza kulia.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nimeing'ata."

"Wewe, mwalimu Rehema? Una njaa?"

Kabla sijajibu, yule mama akanitazama mdomoni, akanitazama tumboni, akauliza kwa upole, ila kila mtu alisikia: "Miezi mingapi, mwanangu?"

"Mitatu, mama."

Wasichana wakapiga vigelegele. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapiga simu mara tatu, na nilipopokea akaanza na "Yaani mimi nisikie kwa watu?" kisha akalia, nami nikalia. Mtoto yupo, anatambaa, na ofisini hadi leo naitwa Mama Zebaki.

Hilo jina nimelizoea. Ila nilipomwomba Mwajuma radhi nilimuuliza kama aliniona siku ile.

"Nilikuona, mwalimu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilijua utasema mwenyewe."

Tangu hapo sayari zangu ni mawe ya kuokota, na nikikosea darasani nasema hapo hapo, kabla mtoto hajaitwa mbele.