Mshumaa wa Pili

Anselme Dufossé alikuwa fundi reli, mbishi kwelikweli. Vita vilipoisha, jeshi la Ufaransa lilituachia kijiji kisicho na ukuta hata mmoja, barabara zilizojaa mashimo, na kireli chembamba kilichokuwa kikipeleka mizinga kwenye mahandaki. Matofali ya serikali yalikwama stesheni ya Péronne. Bila kile kireli yasingetufikia.

"Nikiikosa hiyo reli, sina nyumba," aliniambia.

Mkewe, Flavie, akadakia kutoka kwenye banda lao la bati: "Na ukikosa nyumba kabla ya baridi, huna mke! Naenda zangu kwa dada, Rouen. Nimechoka kulala na panya!"

Machi 1920 jeshi likatangaza kuiuza reli hiyo. Tukachanga kijiji kizima, Anselme awe mtoa bei. Mnada wetu ni wa mishumaa: bei ikitajwa, karani huwasha kimshumaa, kikizimika bila bei mpya, huwasha cha pili, nacho kikizimika, mali imeuzwa. Kwetu cha pili ni cha kutimiza sheria tu. Mnunuzi huwa ameshatangulia mkahawani kuwamiminia watu divai, maana kukaa akikilinda ni kuwaita majirani zake wezi.

Cha kwanza kikazimika, bei ikiwa ya Anselme. Akavua kofia. "Haya wazee, msichelewe, nisije nikazimaliza chupa peke yangu!" Akatoka.

Nyuma kabisa alikaa mchuuzi wa vyuma chakavu kutoka Lille. Mwali wa mshumaa wa pili ulipoanza kuyumba, akapandisha bei kidogo tu. Karani akaanza upya, vimishumaa viwili vizima. Pesa za kumzidi tulikuwa nazo! Lakini kwetu mtu hafungui mdomo kwenye mnada wa mwenzake, basi tukabaki kutazamana kama mabwege. Mimi nilikaa mlangoni, mkahawa uko ng'ambo ya njia, na niliona aibu kukimbia mbele ya mgeni. Vyote viwili vikazimika, reli ikawa ya mchuuzi.

"Ulikuwepo?" Anselme aliniuliza nilipompelekea habari, glasi zimejaa mezani.

"Nilikuwepo."

"Basi kunywa."

Mchuuzi alitaka chuma, hakutaka treni. Oktoba alimwajiri Anselme kung'oa reli, kuanzia upande wa kijiji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kila nati. Behewa la kwanza lilipoondoka na vyuma, Flavie alikuwa amekaa juu yake. Anselme alimpandishia sanduku, akamfunika miguu kwa blanketi.

"Kesho reli haifiki hapa," Flavie alisema, "hata nikitaka kurudi."

Anselme, yule mbishi, akaokota spana yake, akainamia nati iliyofuata.