Nyuzi za Ndinda

Kompyuta ya Ndinda ilianza kugonga Jumatatu asubuhi, tik-tik-tik kutoka ndani. Diski ilikuwa inakata roho, na humo ndimo zilimokuwa nembo za shule alizochora kwa miaka kumi na moja. Nakala nyingine hakuna.

"Si ununue kompyuta mpya tu," nilimwambia. Mimi ni jirani yake hapa kijiji cha Lindi, Kibera. Nashona sare, yeye anatarizi nembo. Akanitupia jicho baya. Mashine yake ya kutarizi ni ya zamani, inaunganishwa kwa tundu pana ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Basi kompyuta ingebaki, diski ingebadilishwa. Ndinda akishaamua, usipoteze mate.

Tulizunguka Kibera nzima. Kila duka lina diski za sata, zile za kiunganishi chembamba. Yake inataka waya mpana bapa wa pini nyingi. Tukapata moja ya aina hiyo, ya mtumba, akaikataa. Hakutaka kuuguza mgonjwa mwingine. Akachagua sata mpya pamoja na kile kipande kidogo cha kuiunganisha na waya mpana. Kipande tulikipata Riruta Satellite, kwa fundi Gachanja.

"Wee mathe, hii si ungepeleka museum?" Gachanja akacheka.

"Museum hawatarizi masweta. Fungua."

Kabla fundi hajagusa kitu, Ndinda akatoa nyuzi mkobani. Akafunga mwekundu kwenye diski ya zamani, mweupe kwenye mpya. Ndivyo tunavyofunga mafurushi ya sare: mwekundu ni kazi iliyokwisha, isiguswe; mweupe ni ambayo bado.

"Hizo ni za nini sasa? Hii kazi naijua, mathe," Gachanja akasema.

Kwenye skrini zikatokea diski mbili. Kompyuta ile kuukuu haioni zaidi ya kiasi fulani cha nafasi ya diski, kwa hiyo zote zilionyesha ukubwa mmoja.

"Hii ya kwanza ndiyo ya zamani," Gachanja akasema, kidole tayari juu ya kitufe cha kunakili. Angekosea, diski tupu ingenakiliwa juu ya kazi ya miaka kumi na moja.

"Ngoja," Ndinda akasema. "Zima. Chomoa ya uzi mweupe, tuone gani inabaki."

Gachanja akaguna, akazima, akachomoa, akawasha. Nafasi ya kwanza ilikuwa tupu. Ya zamani ilikuwa ya pili.

Nilitamani kumzaba fundi kofi. Ndinda hata sauti hakupandisha.

"Rudisha. Na usome kwa sauti kabla ya kubonyeza."

Gachanja akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kunakili kulichukua mchana kutwa, diski ikigonga, Ndinda amesimama wima, amekataa kiti. Jioni diski mpya ikawaka na nembo zote. Tulipoijaribu tena ile ya zamani, haikuamka. Hapo ndipo Ndinda alipokaa, akalia.

Mwezi uliopita nilipita kwa Gachanja. Diski za wateja zilijaa mezani, kila moja imefungwa uzi, mwekundu au mweupe. Akaniuliza, bila kunitazama, kama Ndinda anaweza kumtumia roli nyingine ya uzi mwekundu.