Gari Lililovalishwa Bafta

Harufu ya kiti kipya cha gari hunikosesha raha. Juzi mjukuu wangu alinifungulia mlango wa gari lake jipya, nikaingiza kichwa, nikakitoa. Akadhani ni joto. Haikuwa joto. Niliwakuta watu wa Mtaa wa Sikukuu wamekaa humo ndani wote, wananitazama, kama vile wameningoja muda mrefu.

Ngoja niwataje, maana majina yao ninayo, na aliye na majina ana deni la kuyasema. Alikuwepo Baba, Salumu Kondo, mwenye teksi. Alikuwepo Mama, Hadija, aliyekuwa hawezi kukaa bila sindano mkononi. Alikuwepo Bibi Mwanakheri, mzazi wake Baba, ambaye alichukua chumba cha mbele makusudi ili aone nani anapita na kabeba nini. Alikuwepo Shangazi Tatu, mdogo wake Baba, tumbo moja, aliyeolewa na Rajabu fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwepo Mzee Pazi muuza kahawa, ambaye hakuwa ndugu yetu ila alijua mambo yetu kuliko ndugu. Na mimi Mwajuma, meno ya mbele yametoka, mengine hayajaota.

Na alikuwepo Bi Mkubwa. Huyo alikuwa gari.

Lilikuwa gari jeusi la zamani, limeshakula chumvi kabla mimi sijazaliwa, la kuwashwa kwa hendeli. Baba aliichomeka ile hendeli mbele, akazungusha, gari likakohoa, likakohoa tena, halafu likaanza kuvuma kwa sauti nzito kama mtu anayesoma uradi. Kelele ile iliijulisha Kariakoo nzima kwamba Salumu Kondo anatoka. Mchana alisimama karibu na soko kungoja abiria wa kulipa. Lakini akirudi nyumbani gari halikuwa lake tena. Lilikuwa la mtaa. Limepeleka maiti makaburini, limechukua maharusi, limebeba magunia ya mpunga wa watu, na mbuzi mmoja aliyekula kamba ya mlango. Wanawake wa mtaa wetu waliposhikwa na uchungu, hakuna aliyeuliza atakwenda hospitali na nini. Ndani mlinuka petroli, samaki, mafuta ya nazi na udi, vyote kwa pamoja, na hata leo nikisikia harufu hizo zimechanganyika huwa nageuka.

Kila jioni ilikuwa hivi. Baba ananawa mikono, anakaa mkekani, Mama anatenga wali. Baba anafinyanga tonge la kwanza. Halafu mlangoni: "Hodi!"

Mabega ya Baba yalishuka. Nilikuwa nayaona, nikidhani ndivyo mabega ya baba yalivyo. Mama alichukua kawa akakifunika chakula. Baba aliporudi wali ulikuwa baridi, mchuzi umeganda pembeni, na mara nyingine, kabla hajamaliza, hodi nyingine.

Siku moja akatangaza kwamba anampeleka Bi Mkubwa mjini kwa Bwana Vithal, Mhindi aliyeuza magari, akabadilishane naye, aongeze fedha kidogo kidogo, achukue gari jipya. Bibi aliacha kutafuna tambuu.

"Salumu, gari lina ugonjwa gani?"

"Halina, mama."

"Halizimiki njiani?"

"Halijazimika hata siku moja."

"Sasa zima unalipeleka wapi?"

Baba alitazama mlangoni, kama kwamba kuna mtu amesimama pale, akasema, "Hilo ndilo tatizo lake. Haliugui."

Bibi alimtazama Mama, Mama akatazama sindano. Mimi nilicheka, nikafinywa.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Baba alikuwa akitoka na kuingia, analifuta gari analotaka kulitoa, anakwenda mjini na kurudi kwa miguu kuona kama lile jipya bado lipo dukani. Mzee Pazi, akipita na birika lake na kugonganisha vikombe, alikuwa hana hadithi nyingine. "Jamani, Salumu anamwacha mke mkubwa, naye bado anapika vizuri!"

Mama akamjibu kutoka uani, "Mwache amlete huyo mdogo, Mzee Pazi. Maadamu analala nje."

Siku lilipokuja, lilikuja kimya. Hilo ndilo lililonishangaza. Tulikuwa barazani tunangoja kusikia, kumbe limeshafika, la kijani kama embe bichi, linang'aa, linawashwa kwa kubonyeza tu. Bibi hakukubali mtu aingie kabla hajalifukiza. Akaweka chetezo ndani, akafunga milango, udi ukajaa hadi vioo vikawa vyeupe, na Baba akawa anazunguka nje akipiga kelele, "Mama, viti! Mama, utaunguza viti!" Milango ilipofunguliwa tulikohoa wote, lakini chini ya udi ile harufu ya upya ilikuwa pale pale, haikukubali kuondoka.

Mama alivishonea viti foronya za bafta, nyeupe pee, pembeni kadarizi maua madogo. Bibi alichungulia ndani akasonya.

"Hadija, gari umelivika sanda?"

"Ni kuzuia vumbi, mama."

"Vumbi, au watu?"

Mama alikata uzi kwa meno.

Kijana wa dukani alikuwa amemwambia Baba kwamba injini mpya haitaki mbio wala mizigo mpaka izoee kazi. Maneno hayo Baba aliyapokea kama dawa. Mama Zuhura, jirani yetu wa ng'ambo, alikuja kuomba mama yake achukuliwe Mbagala pamoja na vikapu vyake. Baba akaeleza habari ya injini kwa upole sana, mkono kifuani. Mama Zuhura akasema haya, baba, hamna neno. Kesho yake Baba akaonekana bandarini, kapakia Wazungu watatu na masanduku yao.

Mzee Pazi hakuhitaji zaidi ya hapo. "Injini ya Salumu ina macho," alisema, watu wamejaa barazani. "Ikiona Mzungu, ina nguvu. Ikiona mtu wa Sikukuu, bado changa!" Walicheka, na Baba alicheka nao, kisha akaingia ndani na kahawa yake hajaimaliza. Chuoni, mbele ya msahafu, wenzangu waliniita binti bafta. Nililia, nikapigana, nikapigwa.

Na hodi zikakoma.

Hazikukoma siku moja. Zilipungua, kama mvua inavyoacha paa la bati, tone hili, tone lile, halafu huna hakika kama bado inanyesha. Baba alikula wali wa moto. Tulikaa tukimtazama anakula wali wa moto. Nao haukumshuka. Alifinyanga tonge, akalishika, akainua kichwa kusikiliza mlango. Alipomaliza alitoka kulifuta gari, akarudi, akatoka tena kuwafukuza watoto ambao hata hawakulikaribia. Usingizi wa mchana ulimkataa. Mama alimwambia, "Kaa basi, Salumu, unanizungusha kichwa." Akakaa, akainuka.

Wakati huo Shangazi Tatu alikuwa mjamzito, mimba kubwa. Alikuwa ameshazika watoto wawili, wote wa siku moja moja, na mtaa mzima ulitembea kwa uangalifu mbele yake. Mara zote mbili uchungu ulimshika wakati Baba yuko safarini Morogoro, Shangazi akabebwa kwa mkokoteni. Baba alikuwa amemwapia kwamba huyu wa tatu atapelekwa na yeye mwenyewe, hata usiku wa manane, hata kama amepakia gavana.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, jua limesimama. Tumekaa kula. Nikasikia kikohozi. Kimoja, kingine, halafu ule uradi. Tonge la Baba lilisimama njiani. Sote tulijua, ingawa Bi Mkubwa alikuwa ameshanunuliwa na mtu wa Magomeni, Sefu, na hakuwa na la kutafuta mtaani kwetu.

Tulitoka barazani. Akapita mbele yetu taratibu, mweusi, kajaa vumbi. Nyuma alikuwa Rajabu, kamkumbatia Shangazi Tatu, na mkono wa Shangazi umeshika ukingo wa dirisha hadi vidole vimebadilika rangi. Mbele, kando ya Sefu, alikaa Bibi, na furushi la khanga mapajani. Tulidhani yumo chumbani mwake. Alipita mbele ya mlango wa mwanawe, umbali wa kurusha kokwa, akitazama mbele. Hakugeuza shingo.

Gari la kijani lilikuwa limeegeshwa pale pale, linang'aa.

Baba alikuwa bado na wali vidoleni. Aliingia garini hivyo hivyo, nami nikajitupa kiti cha nyuma kabla Mama hajanishika. Injini iliwaka mara moja, maana halikuwa gari baya, nisilisingizie. Tulilifikia la mbele pale pale kwenye kona. Baba angeweza kulipita. Hakulipita. Alilifuata nyuma njia nzima, katika vumbi lake, kama mtu anayefuata jeneza la ndugu aliyegombana naye, na midomo inamcheza, sijui anaomba dua, sijui anasema na nani. Kwenye usukani niliona punje za wali.

Hospitalini walimwingiza Shangazi, sisi tukabaki nje. Bibi alikaa kwenye benchi. Baba hakuweza kukaa. Alikwenda hadi ukutani, akarudi, akaenda, mwisho akasimama mbele ya mama yake.

"Kwa nini hamkuniita?"

"Tatu alikataa. Alisema tusimsumbue kaka, gari lake bado changa."

"Na wewe, mama?"

Bibi alizikunja khanga, akazikunjua. "Mimi nilifika mpaka mlangoni kwako. Nikainua mkono nibishe. Nikajiuliza, atasema nini? Sikujua, Salumu. Mtoto niliyemzaa, sikujua atasema nini. Nikaushusha."

 Baba alikwenda alikosimama Bi Mkubwa, akaweka kiganja juu ya boneti, nayo ina moto wa safari, akakiacha pale. Sefu, kijana mcheshi, akamwuliza, "Vipi, mzee, unamtaka umrudie?"

"Hapana," Baba akasema. "Namshukuru tu."

Tulingoja. Mimi nilimhesabu kila nesi aliyepita na kumchukia kila aliyepita bila kusema kitu. Jua lilipolegea, mmoja akatoka, akamtafuta Bibi kwa macho, akasema ni mwanamke, analia vizuri. Bibi akapiga kigelegele kimoja, hospitalini pale pale, akakemewa. Baba akachuchumaa chini, akajifunika uso kwa mikono yake yenye wali mkavu.

Shangazi aliporuhusiwa kutoka, Baba alikuwa nje na mapema, gari limefunguliwa milango yote. Shangazi akafika mlangoni, mtoto mkononi, akaziona zile foronya nyeupe, akarudi nyuma.

"Kaka, nitakuchafulia."

Baba aliinama ndani. Tulisikia nyuzi zinakatika, tu, tu, tu, kiti cha nyuma, halafu cha mbele, maua ya Mama na kila kitu. Akazikunja bafta zote, akamtupia Rajabu. "Wewe si fundi? Zifanyie kazi." Rajabu alizikatakata zikawa nepi, na hivyo binamu yangu Mwanamkuu, ambaye alikuja kuwa mama wa watoto saba, alianza maisha akikojolea mapambo ya gari. Mama alikasirika kidogo, kwa heshima ya kazi yake, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile Baba alipita kwa Mama Zuhura, akabisha hodi yeye. Alikaa huko kitambo. Kesho yake vikapu vya Mbagala vikapakiwa, na kimoja kilikuwa na dagaa. Harufu ya upya ikatoka siku hiyo, haikurudi. Lile gari halikupata jina kubwa, lakini lilifanya kazi miaka mingi. Hodi zilirudi, kawa likarudi kazini, na mabega ya Baba yaliendelea kushuka kila aliposikia sauti mlangoni, kisha akainuka.

Utotoni nilidhani Baba alikuwa na maringo, Mungu akamtoa maringo, hadithi imekwisha. Sivyo. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu, na cherehani yangu ambayo mtaa wote uliiazima, na mlango uliogongwa kila nilipoinua tonge. Baba hakutaka gari zuri. Alikuwa amechoka. Gari lisilougua lilimnyima sababu ya kusema leo sitoki, naye hakuwa mtu wa kusema hivyo bila sababu. Alikwenda dukani kutafuta sababu, akailipia, wakampa. Kisha akakaa na sababu yake na wali wake wa moto, akaona hawezi kula. Laiti ningemwambia, nilikuona ulivyochoka, Baba. Lakini wakati ule nilikuwa nagombania ukoko.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Bibi Mwanakheri angesema nimeongeza, na Mzee Pazi angesema nimepunguza. Kama wewe ni wa Sikukuu, au umezaliwa na mtu wa Sikukuu, na ulisikia vingine, kwamba haikuwa Ijumaa, au gari halikuwa la kijani, au yule wa Magomeni hakuitwa Sefu, njoo unisahihishe. Siku hizi nakula mapema na nakula peke yangu, wali unatoka moto na hakuna anayeniinua. Piga hodi tu. Hata nikiwa na tonge mkononi.