Anwani ya Mwalimu wa Video

Jamani, nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Nauza vifaranga Mlandizi, wateja wanaagiza kwa roboti inayojibu ujumbe kwenye simu. Roboti hiyo kila sekunde ilikuwa inauliza mtandaoni, "Kuna ujumbe? Kuna ujumbe?" kama mwanangu anavyodai biskuti, na bando linaisha kabla ya saa nne asubuhi. Nikaangalia somo la video: weka anwani ya mtandaoni ya roboti yako, ujumbe ukiingia utakuja wenyewe. Nikanakili kila herufi, nikajiona injinia.

Siku tatu kimya. Nikajua tu ni wifi yangu Zuhura wa Kibuta, maana naye anauza vifaranga. Simu zake nikawa sipokei. Siku ya nne nikambeba mtoto hadi kwake Kibuta, huko Kisarawe, nikamkuta anafua.

"Wifi, wateja wangu umewapeleka wapi?"

"Una wazimu wewe?"

Simu yangu ikaita. Nimempakata mtoto, nikaweka spika.

"Dada, mimi mwalimu wa lile somo. Anwani uliyoweka ni ya kwangu, ilikuwa mfano tu! Ujumbe wa wateja wako wote unakuja kwangu, namba yako nimeiona humo, na mimi vifaranga sina."

Nikataka kuzima spika, mikono imejaa mtoto.

"Halafu kuna Zuhura wa Kibuta. Tangu juzi anasema wake wameisha, anakuletea mteja wa vifaranga mia, mbona humjibu? Leo ameanza kunitukana."

Wifi akaisogelea simu, mikono inachuruzika povu.

"Zuhura ni mimi, mwalimu. Samahani kwa matusi. Mwenyewe huyu hapa, amekuja kunigombeza."