Mkono Ulioachia Shuka

Ni mchana, lakini chini ya hospitali, kwenye chumba cha kufulia, mchana haufiki. Mvuke umetanda. Shuka zimening'inia kwenye kamba, na kila mlango ukifunguliwa zinatikisika zote pamoja, kama watu waliogutuka.

Mama Pasi, kama wenzake wanavyomwita, anakunja shuka peke yake. Anabana ncha kwa kidevu, ananyoosha mikono, anazikutanisha. Kazi hii ni ya watu wawili. Upande wa pili alikuwa akisimama mdogo wake.

"Tulikuwa hatusemezani," anasema. "Mimi navuta, yeye anakuja. Mikono ilishazoeana."

Siku moja mwaka jana, shuka ikiwa katikati yao, mdogo mtu aliachia ncha. Mama Pasi akadhani ni utani, maana kwa mizaha huyo hajambo. Akamwambia, "Okota bwana, tutachekwa."

Hakuokota. Aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelegea, akauliza kwa sauti tulivu kabisa: "Dada, huu mkono wa nani?"

"Hakuwa na woga," anasema Mama Pasi. "Hicho ndicho kilichonitia baridi. Aliuliza kama mtu aliyeokota mwamvuli."

Kilikuwa kiharusi. Wodini aliusukuma ule mkono utoke kitandani. Alimwomba muuguzi amwite mwenye mkono aje auchukue. Kila alipoambiwa ni wake, alitabasamu, kama mtu anayemsitiri muongo.

Daktari wa moyo alieleza chanzo. Moyo una vyumba viwili vya juu. Umeme unaouamsha huanzia cha kulia, ukavuka kwenda cha kushoto. Kwa mdogo mtu, ulikuwa unachelewa kuvuka. Chumba cha kushoto kilikuwa kimechoka na kutanuka, mapigo yakawa yanakwenda ovyo. Damu ikatuama humo, ikaganda, donge likapanda ubongoni.

"Hakuwahi kulalamika hata kifua," anasema dada mtu. "Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuingia ndani vya kutosha."

Kwa kuwa Mama Pasi mwenyewe ana presha, na moyo humrukaruka, daktari alimpima. Alibandikwa nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo. Kuchelewa kulekule.

Tangu hapo anasikiliza. Umeme wa jengo ukikatika, mashine zikanyamaza kwa pamoja, wenzake hupumzika. Yeye hushika meza.

"Ni kama mtu amebisha hodi humu kifuani, na wa chumba cha pili anajivuta kuitika," anasema. "Nangoja aitike." Daktari amemwambia hali hiyo haisikiki. Anasema anajua, lakini anaisikia.

Si kila mwenye tatizo hili hupata kiharusi. Ameambiwa adhibiti presha, ameze dawa, asikose kliniki. Hajakosa.

Mdogo wake sasa anaishi kwake. Anatembea kwa kuchechemea, na utani umerudi. Ila asubuhi nyingine huusalimia ule mkono, kwa adabu, kama mgeni aliyelala hapo.

Mama Pasi anataka wenzake wote wa chumba cha kufulia wapimwe presha na moyo, na msimamizi amekubali waanze Jumatatu. Aliyegoma ni fundi wa boila la mvuke, mzee mwenye kifua kipana anayejisifu hajawahi kumeza hata kidonge.

"Nikishajua, nitalalaje?" fundi anamuuliza, akijifanya anakaza nati.

"Mimi najua, na nalala," anamjibu. "Wewe njoo tu. Nitakushikia shati."