Upele wa Maman Zubeda

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile vita vilipokuwa vikiunguruma Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Nilikuwa nesi mwanafunzi katika zahanati moja ya Kamembe, na nilijiona najua yote. UKIMWI, sisi tukiuita SIDA, ulikuwa kwenye kila kinywa. Mtu akikonda, SIDA. Akitoka vipele, SIDA.

Akaja Maman Zubeda, fundi cherehani, mjane aliyerudi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na watoto wawili. Mikono yake ilijaa vipele, amejikuna hadi damu. Nilimtazama toka mlangoni tu, nikamnong'oneza mwenzangu, "Huyu ni SIDA." Ulimi hauna mfupa.

Mzee Anastazi, nesi mkuu wetu, alimkalisha karibu na dirisha, akamshika mkono.

"Maman, inawasha zaidi saa gani?"

"Usiku, Papa. Silali hata kidogo."

"Na batoto?"

"Nabo banajikuna. Hata mama yangu."

Mzee akamtanua vidole, akaniita. Katikati ya vidole niliona vijistari vyembamba, kama uzi uliopita chini ya ngozi.

"Kadudu ndiko kanachimba hapo," akasema. "Ni upele."

Nikainama, nikatazama tena. Kumbe ngozi ina mengi ya kusema! Mgonjwa alipotoka na dawa ya kupaka ya nyumba nzima, nikauliza, "Na SIDA je, Mzee?"

"Hilo, ngozi haitakujibu. Damu ndiyo inajibu, mwenyewe akikubali kupimwa."

Kesho yake Maman Zubeda alirudi analia. Wateja walikuwa wamesikia ana SIDA, wakafuata vitambaa vyao, hakuna aliyetaka nguo iliyopita mikononi mwake. Nikakiri kwa Mzee kwamba maneno yale yalitoka kwangu.

"Dawa ya upele ninayo," Mzee akaniambia. "Ya maneno yako utaitafuta wewe."

Nikazunguka Kamembe mlango kwa mlango, nikisema nilikosea. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Ngozi yake ilipona. Wateja wengine walirudi, wengi hawakurudi. Mwishowe akahamishia cherehani yake mji wa Bugarama.

Basi nawe katika unesi wako, ukiona ngozi ya mtu imebadilika, uliza: ilianza lini, inawasha saa gani, nani mwingine nyumbani anayo? Mshike, mtazame penye mwanga. Usilolijua, sema hulijui, kisha lipimwe. Na utakalolijua, mwambie mgonjwa peke yake.

Mungu akujalie hamu ya kuuliza isiyokwisha, na kinywa kinachositiri watu.